Kompaila Yangu na Ng'ombe wa Binamu

Kwa miezi minne jioni zangu zote zilimezwa na kitu kimoja: kompaila ndogo niliyoiandika kwa lugha ya C. Kwa wasiojua, kompaila ni programu inayosoma msimbo alioandika mtu na kuugeuza uwe maagizo ambayo tarakilishi inaweza kuyatekeleza. Yangu ni ya kujifurahisha tu. Ina mistari 1,400 hivi, inajua nambari kamili peke yake, na inatoa asembli ya x86-64. Maneno yake ni ya Kiswahili: kama, wakati, andika. Hicho Kiswahili ndicho nilichojivunia kuliko yote, na ndicho kilichoniumbua. Nitafika huko.

Ukiandika kompaila peke yako, unaijaribu kwa programu unazojua zitakubali. Mimi nilikuwa nazo tano na zote zilipita. Basi nikaona nimeiva, nikaanza kuwaonyesha wenzangu.

Wa kwanza aliuliza kwa nini nijisumbue ilhali GCC ipo tangu 1987. Sikumjibu. Hata chapati zinauzwa hotelini na bado watu wanazipika nyumbani.

Wa pili tunafanya kazi pamoja, mtu wa maneno machache. Hakufungua hata faili moja ya msimbo. Aliketi kwenye kiti changu akaandika mstari mmoja:

andika 10 - 4 - 3;

Jibu likaja 9. Akanitazama. Mimi nikaitazama skrini. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba jibu ni 3!

Kumbe funksheni yangu ya hesabu ilikuwa ikisoma nambari, na ikikuta alama ya kutoa inajiita yenyewe isome yote yaliyobaki upande wa kulia. Kwa hiyo ilianza na 4 - 3, ikapata 1, ndipo ikaitoa hiyo 1 kwenye 10. Kwenye kujumlisha huwezi kugundua, maana 10 + 4 + 3 ni 17 uanzie kushoto au kulia. Na zile programu zangu tano, zote zilikuwa zinajumlisha tu. Dawa yake ni kitanzi: soma nambari, kisha kila ukikuta alama ya kutoa, toa hapo hapo na uendelee mbele. Nilirekebisha kwa dakika kumi, lakini usiku ule nililala vibaya. Miezi minne, jamani, na sikuwahi kutoa mara mbili mfululizo.

Wa tatu ni rafiki anayeandika C ya vifaa vidogo vyenye kumbukumbu finyu. Huyo aliomba nimchapishie msimbo wote kwenye karatasi, akaurudisha baada ya wiki ukiwa umejaa wino mwekundu. Ukurasa wa pili alikuwa ameizungushia duara char jina[16], na pembeni: "Kiswahili kitatosha humu?" Tukajaribu kigeu kiitwacho jumlayamapatoyamwezi, herufi 20. Programu ikafa papo hapo. C haikulindi, herufi zikizidi nafasi uliyozitengea, zinamwagika juu ya kumbukumbu ya jirani. Akanionyesha kwamba ningeikompaili kwa -fsanitize=address, ningetajiwa mstari wenyewe wenye kosa. Nilikuwa nimeisikia siku nyingi. Kuiwasha ndiko sikuwahi.

Kuna mahali tulibishana. Alitaka kila malloc iwe na free yake. Mimi nikakataa: kompaila yangu inaishi chini ya sekunde moja, na ikiisha mfumo wa uendeshaji unachukua kumbukumbu yote. Yeye anasema hiyo ni tabia mbaya. Kwa kifaa kinachowaka mwaka mzima, kweli ni mbaya. Kwa hii yangu bado sijashawishika, na wino wake upo pale pale.

Sasa nilijiona nimemaliza. Wataalamu wawili wameipiga msasa, si mchezo. Jumapili moja akaja binamu yangu wa kidato cha tatu, nikamwachia tarakilishi aandike apendacho. Hajui C. Aliandika hivi:

ng'ombe = 12;
mbuzi = 30;
andika ng'ombe + mbuzi;

Kompaila ikajibu: "Kosa, mstari wa 1: nilitarajia =". Akaniita. "Kaka, si = hii hapa?"

Ilikuwa pale kweli. Lakini kwenye C ile alama ya ritifaa hufungua herufi moja, kama 'a', nami niliinakili tabia hiyo bila kufikiri. Kompaila ilisoma ng ikadhani ndilo jina, kisha ikameza kila kitu kuanzia ritifaa ya kwanza hadi ya pili, mbuzi wote 30 wakiwemo. Mimi niliyejigamba nimeunda lugha ya Kiswahili sikuwa nimeacha nafasi ya ng'ombe, wala ng'ambo, wala king'ora. Wale wenzangu wawili nao hawakuliona, kwa sababu sote watatu tulikuwa tukifikiri kwa C.

Nilisitasita kuibadilisha. Stuart Feldman alipounda Make pale Bell Labs mwaka 1976, aliweka sharti la kuanza mistari fulani kwa tabo. Baadaye alieleza kwamba alitaka kuliondoa, ila tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja na hakutaka kuwavuruga. Tabo hiyo inatusumbua hadi leo. Mimi nina mtumiaji mmoja, tena ndiye mlalamishi. Nikaondoa kabisa ritifaa za herufi moja, na sasa jina likiwa limefika ng, ritifaa inayofuatwa na herufi inahesabiwa kuwa sehemu ya jina.

Juzi amerudi. Ng'ombe sasa wanakubali. Ila amewagawa ng'ombe 7 kwa ndugu 2, kompaila ikampa 3 kila mmoja, na anataka kujua yule mmoja nimempeleka wapi.