Njia ya Wapagazi

Ndugu msomaji, ukifika Nanganga utakuta njia panda. Barabara moja inakwenda Ndanda na Masasi. Nyingine inakwenda Ruangwa. Ya tatu inapita Nyangao na Mtama mpaka Lindi, pwani. Hii ya tatu ina habari ya vita. Isome, uwasimulie wenzako.

Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakitawala nchi yetu. Waingereza walitaka kuwanyang'anya. Kwanza walijaribu mbali na huku, Tanga. Walifika huko kwa meli tarehe 2 Novemba 1914. Walishusha pwani askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Wajerumani walikuwa na askari kama 1,000 tu, wengi wao Waafrika. Hata hivyo, Waingereza walishindwa. Tarehe 5 walirudi melini. Askari wao zaidi ya 800 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wamepotea.

Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza walikuja Lindi kwa meli. Safari hii waliuteka mji. Mwaka 1917 walipanda bonde la mto Lukuledi kuja huku bara. Huko Mahiwa, karibu na Nyangao, walikutana na Wajerumani. Walipigana siku nne, tarehe 15 hadi 18 Oktoba. Waingereza walipoteza askari wapatao 2,700. Wajerumani walipoteza wapatao 500. Kisha Wajerumani walirudi nyuma hadi Newala. Mwezi wa Novemba walivuka mto Ruvuma.

Je, nani alibeba chakula na risasi? Nani alibeba majeruhi? Mbung'o waliua punda na farasi. Kwa hiyo watu walibeba mizigo kichwani. Wengi walilazimishwa. Katika Afrika Mashariki nzima, wapagazi wa Waingereza waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, homa na kuhara. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi ya wapagazi hao.

Majina ya maofisa yaliandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Ndugu msomaji, waulize wazee wa kijiji chako. Huenda babu zao walibeba mizigo hiyo. Ukipata jina, liandike kwenye daftari lako. Sasa unajua kuandika.