Mlenga Shabaha wa Liwale

Wengi waliomzika rafiki yangu walimjua kama mzee wa asali. Walimwona miaka yake ya mwisho akiingia porini na shoka na kibuyu, akipiga mluzi, akimfuata ndege mlembe anayeruka mti hadi mti akimwita. Wachache tuliobaki tulimjua kwa jambo jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, ukikuta jina lake kwenye orodha ya mashindano ya shabaha, ulijua nafasi ya kwanza imeshapata mwenyewe. Nataka jambo hilo liandikwe, maana hakuna mwandishi wa gazeti aliyewahi kumfuata.

Mimi nilikuwa polisi. Yeye alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Selous, upande wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Vikosi vilipokutana uwanjani, sisi na wenzetu wa jeshi na magereza tulifika na viatu vinavyong'aa. Yeye alishuka kwenye lori na katambuga miguuni, bunduki yake ya .303 imeviringishwa kwenye gunia. Tulikuwa tukipiga mita 300. Kabla ya kulala chini alitoa mfukoni kitambaa chenye majivu laini, kimefungwa fundo kama hirizi, akakigonga kwa kidole. Majivu yakatoka, yakaelea, naye akayafuata kwa macho hadi yakapotea. Kisha akatazama nyasi za katikati ya uwanja, kisha zile zilizo karibu na vibao, kwa sababu upepo wa pale ulipolala si lazima uwe upepo wa kule risasi inakokwenda. Kwa umbali ule, upepo wa ubavuni unaotikisa majani tu unatosha kuihamisha risasi upana wa kiganja, au zaidi. Sisi tulikuwa tumesoma hayo darasani. Yeye aliyajua kwa ngozi yake: porini upepo ukigeuka, tembo keshakunusa, na hapo habari ni nyingine.

Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akatulia. Kidole hukukiona kikisogea. Mlio ulipopita hakuinua kichwa kuchungulia alipopiga. Shavu lilibaki kwenye kitako, jicho limebaki pale pale. Halafu akavuta komeo la bunduki polepole, akalitoa ganda kwa vidole badala ya kuliacha liruke, akalitia mfukoni. Vijana wa kikosi changu walicheka. Baadaye ndipo nilipoelewa. Kwenye kituo chao risasi zilikuwa za kuhesabu, na kila iliyopigwa ilitakiwa irudi na ganda lake na maelezo yake. Sisi tulifundishwa kupiga nyingi hadi mkono uzoee. Yeye hakuwahi kuwa na nyingi. Miaka yote hii naamini uchache ule ndio uliomfanya awe vile: hakuna risasi aliyoipiga kwa kujaribu tu.

Alikuwa Mngindo. Wazazi wake walihamishwa na serikali ya Waingereza miaka ya 1940, vijiji vizima vikaondolewa kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaingizwa kwenye pori la akiba. Kwa hiyo mahali alipokuwa akilinda palikuwa kwao. Aliwahi kunionyesha miembe mitatu katikati ya pori, mbali na nyumba yoyote, akasema, "Hapa ndipo kwa babu, kaka." Hakusema kwa uchungu. Alichuma maembe, tukala.

Tembo walipoingia mashamba ya mahindi, yeye ndiye aliyeitwa. Kazi hiyo hakuipenda. Alisema tembo hapigwi mpaka ujue ubongo uko wapi ndani ya fuvu kubwa lile, na ukiwa huna hakika, rudi nyumbani, mahindi yatapandwa mengine. Wenye mashamba hawakufurahi kusikia hivyo, nami nawaelewa, lakini sijawahi kusikia kwamba aliacha mnyama akiwa na jeraha porini.

Mwaka 1989 tulikutana tena. Serikali ilianzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, jeshi, polisi na wanyamapori pamoja, nami nikapelekwa kusini. Katikati ya miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufikia mwaka ule hawakubaki hata theluthi moja. Takwimu hizo nilizisoma ofisini. Porini niliona mizoga, nyuso zimekatwa kwa shoka ili meno yatoke mazima, na ndama wamelala kando ya mama zao. Siku ya kwanza rafiki yangu hakugusa chakula.

Asubuhi moja aliinama kwenye njia ya mchanga, akakaa hapo muda mrefu. Nyayo za watu zilikuwa zimekatizwa na vijistari vyembamba vya wadudu. Wadudu wale hutembea usiku, alisema, kwa hiyo hawa walipita jana kabla ya giza. Kisigino kimezama kuliko vidole: wamebeba mizigo. Wanapumzika mara kwa mara, tazama hapa mmoja ameegemeza kitu kizito mtini. Tukafuata hadi usiku, tukalala bila moto, na alfajiri tukawazunguka wakiwa wamekaa na uji wao. Hakuna risasi iliyolia. Meno ya tembo yalikuwa kwenye magunia. Mmoja wa wale watu alimtambua, akamwamkia "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia "Marahaba," kisha akamfunga mikono.

Oktoba mwaka ule mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu, na kwa miaka kadhaa tulipumua. Alistaafu akiamini vita imekwisha. Baada ya hesabu ya tembo ya mwaka 2013 nilimtembelea, nikamweleza kwamba Selous wamebaki kama 13,000. Aliniomba nirudie. Kisha akaanza kunitajia mabwawa, moja moja kwa majina, akiniuliza kama huko bado wanakunywa. Sikuwa na jibu la hata bwawa moja. Mungu amrehemu, hakuishi kwa furaha baada ya siku ile.

Tulimzika alasiri, siku ile ile aliyofariki. Askari vijana wa wanyamapori walikuja na sare zao, wakapokezana jeneza, na nilipowaambia kwamba mzee huyu aliwahi kuwashinda wanajeshi kwa .303 ya chuma na mbao, bila darubini yoyote, waliniangalia kwa adabu ya mtu anayesikiliza hadithi. Si hadithi. Kama kuna ofisi au mstaafu bado ana daftari za matokeo ya mashindano ya miaka ile, naomba asizitupe wala asiziache zikaliwe na mchwa. Jina lake limo, na pointi zake zimo.