Deiwaka wa Nyanda za Juu

Wanamuziki wa Tanzania wana neno lao: deiwaka. Ndiye mpigaji asiye na bendi ya kudumu. Huitwa palipo na pengo, hulipwa ujira wa usiku ule, akaenda zake. Hana mshahara wala likizo.

Mambo hayakuwa hivyo daima. Miaka ya 1980 Iringa ilijivunia Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha umma cha kukata almasi. Humo waliimba mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na wimbo wao "Masafa Marefu" ulishuka milima hadi pwani. Bendi nyingi za zama zile ziliishi vivyo hivyo: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima. Mwajiri alinunua vyombo na kulipa mishahara. Lakini gitaa lilikuwa mali yake. Mashirika mengi ya umma yalipouzwa au kufungwa miaka ya 1990, mpigaji alitoka na vidole vyake tu.

Leo mizani imegeuka. Deiwaka wa Mbeya au Iringa ana gitaa lake, mshahara hana. Huishi kama mkulima mwenye vishamba vingi: hiki kikikauka, kile kitampa kibaba. Jumamosi yuko harusini; Jumapili yuko kanisani; katikati ya juma hufundisha watoto kinanda, au huingia studio kuipigia kwaya gitaa. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na hadi leo matarumbeta na kwaya ni shule ya muziki kwa asiye na ada. Ni soko pia, ila lina majira yake. Baada ya mavuno kamati za harusi hukutana na simu hulia. Kwaresima ikiingia, ndoa husita na simu hunyamaza. Mwenye akiba hununua spika, akazikodisha hata kwa mikutano isiyo na wimbo.

Katika vishamba vyote hivyo, kinachochelewa kuzaa ni wimbo wenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, nayo ikazaa COSOTA. Sheria inamtambua mtunzi, inamtambua na mpigaji. Lakini deiwaka hupiga kwa maneno ya mdomo. Akipokea noti zake usiku ule bila kuandikiana, wimbo utazunguka miaka mingi, naye hana la kudai.

John Kitime alipita Tancut, Vijana Jazz na Kilimanjaro, wale Wana Njenje. Pamoja na gitaa alishika kalamu: aliandika habari za wanamuziki wenzake, akatetea haki zao. Alijua kuwa sauti isiyoandikwa jina ni yatima.

Alfajiri, basi la Iringa hupita Mafinga katika baridi ambayo kipupwe cha pwani ni mzaha mbele yake. Deiwaka amepakata gitaa magotini. Haliamini buti la basi. Amejifunza kulilinda gitaa. Wimbo alioupiga jana bado hajajifunza kuulinda.