Arusi ya Wali na Maharagwe

Hapana mama wa nyumba kati yenu asiyejua kupika wali na maharagwe, wala hatutaki kumfundisha mtu kazi aijuayo. Twataka kuwasimulia habari za nchi ya mbali, ambako vyakula hivyo viwili huozwa kama bwana na bibi arusi, na jinsi sisi wageni tulivyokaribia kuiharibu arusi ile kwa ujinga wetu.

Nchi hiyo ni El Salvador, katika Amerika ya Kati, kando ya bahari ya Pasifiki. Jina lake kwa Kihispania maana yake ni Mwokozi. Katika nchi za bara la Amerika, visiwa tusivihesabu, hapana iliyo ndogo kama hiyo. Milima ya moto ni mingi, na majivu yake yameirutubisha ardhi.

Kwanza tulipelekwa Joya de Cerén, si mbali na mji mkuu, San Salvador. Yapata miaka 1,400 iliyopita mlima wa moto ulilipuka hapo, ukakifunika kijiji cha wakulima. Yaelekea watu waliwahi kukimbia, maana miili yao haikuonekana. Lakini nyumba zilibaki chini ya majivu pamoja na vyombo vyake. Mwaka 1976 mashine iliyokuwa ikisawazisha mahali pa kujenga maghala ya nafaka ilifunua nyumba moja. Wataalamu walipochimba wakakuta maharagwe yangali katika vyombo vya udongo, kama mama alivyoyaweka.

Basi, katika arusi tunayoisimulia, maharagwe ndiye mwenyeji. Mchele ni mgeni, uliletwa na Wahispania, ambao waliingia nchi ile mwaka 1524. Hata maharagwe tupikayo Afrika ya Mashariki asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari zamani, nasi tumeyafanya yetu.

Tukarudi San Salvador, na kesho yake tukashika njia ya kaskazini mpaka Suchitoto, mji mkongwe wenye njia za mawe na kanisa jeupe, juu ya ziwa kubwa. Hapo tulikaribishwa na mama mmoja mtu mzima. Jioni alitupa maharagwe mekundu pamoja na mchuzi wake, na wali kando, na mikate myembamba ya mahindi iitwayo tortilla. Tulikula tukashiba.

Baada ya chakula tukaona si vema mwenyeji wetu aoshe vyombo peke yake. Tukaondoka tukamsaidia. Katika sufuria yalibaki maharagwe kiasi cha vikombe viwili, na mchuzi mweusi mzito. Tukadhani, Maharagwe yatafaa kesho, lakini maji haya ya nini? Tukaiinamisha sufuria tuyamwage. Mara mama akaja mbio, akaishika kwa mikono miwili. Mchuzi uliosalia haukupita nusu kikombe.

Hakutukemea. Alifunika sufuria, akaiweka katika jokofu pamoja na wali uliobaki, akasema, "Wanangu, njoni jikoni alfajiri, mtaona kazi ya maji hayo."

Asubuhi tukamkuta mekoni. Alitia mafuta vijiko viwili katika kikaango, akakaanga kitunguu na pilipili hoho zilizokatwa ndogo ndogo, hata vikalainika. Akatia maharagwe na ule mchuzi, akaacha vichemke, akiponda maharagwe machache kwa mgongo wa mwiko. Ndipo akatia wali wa jana, vikombe viwili, akageuza polepole punje zisivunjike. Wali ukaunywa mchuzi wote, ukageuka rangi ya udongo mwekundu. Akaonja, akaongeza chumvi kidogo, akaacha chini kukauke kidogo pasipo kuungua. Chakula hicho huitwa casamiento, yaani ndoa. Tulikila pamoja na mayai, ndizi mbivu za kukaanga, na jibini.

Hapo tukaelewa kosa letu. Wali mkavu na maharagwe makavu vikitiwa katika chungu kimoja hukaa kama majirani wasiosalimiana. Mchuzi ndio mshenga. Ukiumwaga, arusi hapana.

Tulipomwomba radhi tena, mama akatuonyesha kwa kidole mlima wa Guazapa, uonekanao kutoka mjini. Akasema kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1980 na kwisha mwaka 1992, vita vilivyoua watu wapatao 75,000, jamaa zake walikimbia kutoka vijiji vya mlima ule usiku. Yeye alikuwa msichana mdogo. Mama yake aliacha vyote, akachukua chungu cha maharagwe yaliyokwisha kupikwa. Maharagwe yalipokwisha, ulibaki mchuzi. Na kila walipopewa konzi ya wali njiani, mama yake aliulowesha kwa upawa mmoja, akawagawia watoto sita sawasawa. "Siku ile," akasema, "hapana aliyelala bila kuonja maharagwe. Tangu hapo sijapata kuumwaga."

Sasa wawili katika watoto wake wanakaa Los Angeles, katika Marekani, kama Wasalvador wengine wengi waliohama wakati wa vita na baadaye. Wana nyama na vitu vingi; walakini, asema, wakimpigia simu siku ya mapumziko humwambia kwamba wamepika casamiento.

Nasi tumerudi nyumbani, na jambo hili tumelitia katika desturi ya jiko letu. Ndugu wasomaji, mkipenda kujaribu, chemsheni maharagwe mekundu pamoja na kitunguu saumu, chumvi itiwe mwisho. Wali uliobaki upozeni upesi na kuuweka mahali pa baridi, usichache. Wala msimwache mtoto au mgeni aoshe sufuria kabla hamjachungulia ndani. Sisi tuliopokewa kwa wema twajua ni aibu gani kumwaga, kwa haraka ya kusaidia, kitu ambacho mwenye nyumba amekitunza maisha yake yote.