Kodi Inapanda na Mto

Garsen ina misimu miwili ya kodi: mto ukiwa chini na mto ukiwa juu.

Tana ikifura, watu wa vijiji vya deltani hubeba magodoro wakatafuta pakavu. Wengine huishia kambini. Wenye chochote mfukoni hutafuta chumba Minjila au hapa mjini. Vyumba ni vilevile, watu wameongezeka. Mwenye ploti hahitaji kusomea uchumi.

Hesabu hiyo ilinifikia Mei 2024. Nilikuwa nimeacha chuo, naandikia watu makala kwa simu, nalipa 3,000 kwa chumba cha mabati. Mpwa wangu wa gredi ya tano alikuwa kwangu kwa sababu nyumba ya mamake ilikuwa ndani ya maji. Mafuriko yalikuwa yamefanya serikali isogeze ufunguzi wa shule kutoka Aprili 29, na zikafunguliwa Mei 13. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akapiga simu.

“Kijana, mwezi ujao ni elfu nne na mia tano. Kuna mtu ashaleta za miezi mitatu.”

Na huyo mtu sikuweza kumchukia. Alikuwa amekimbia maji, na watoto wanne.

Usiku huo nikatafuta sheria. Kumbe ipo, ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, na ina baraza lake. Lakini inalinda nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango cha enzi nyingine kabisa. Chumba changu, choo cha kuchangia na wapangaji wengine, kilikuwa kimeipita sheria kwa mia tano. Machoni pake mimi ni tajiri. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, ila mwenye ploti hasomewi Katiba kwa simu.

Tukahama kwa mkokoteni. Kabla muhula kuisha tukahama tena.

Mtoto hakulalamika. Ni mwalimu wake aliyeniuliza mbona anabeba vitabu vyote kila siku, hata vya masomo ambayo hayapo siku hiyo. Nikamuuliza njiani.

“Mjomba, siwezi jua jioni tutalala wapi.”

Watu wa mbali husema, si wahame tu mtoni. Lakini Wapokomo hulima mpunga kwa maji hayohayo ya mafuriko. Kukaa mbali na mto ni kukaa mbali na sufuria. Na maji yenyewe huanzia juu, mvua za milimani na mabwawa ya Masinga hadi Kiambere yanapojaa na kumwaga. Mto utarudi, na kodi nayo.

Kinachoweza kubadilika ni orodha. Aliye kambini huhesabiwa, akapata turubai na unga. Sisi tuliosukumwa kutoka vyumbani na waliosukumwa na maji hatuko popote, maana miguu yetu haikulowa. Hakuna chifu aliyepita kwenye ploti kuuliza nani kahama.

Wala si lazima apite. Aende shuleni. Mwalimu wa darasa anaweza kumwandikia orodha hiyo kwa nusu saa, kwa kuangalia tu mabegi.