Nyinyoro za Mlangoni

Huko Ulaya watu hungoja baridi iishe wapate kuona maua ya kwanza. Sisi twangoja mvua. Wakati wa kiangazi mbele ya nyumba yangu huwa vumbi tupu, na mpita njia hudhani hapana kitu. Kumbe chini yake zimelala nyinyoro alizozipanda marehemu mke wangu, kila moja ina kiazi mfano wa kitunguu, kilichoweka akiba ya maji na chakula.

Alipofariki, majirani walinishauri nizing'oe nipande maharagwe, maana nina watoto wanne wa kulisha. Neno lao lilikuwa la haki. Basi nikapanda maharagwe, lakini karibu na mlango nikaacha hatua tatu. Masika ilipoanza, hazikupita siku nyingi, yakachomoza maua, kila shina limebeba tufe moja jekundu la vijiua vingi mno.

Kitinda mimba wangu, asiyeukumbuka uso wa mama yake, akaniuliza, "Baba, haya ni ya nani?" Nikamjibu, "Ni ya mama yako." Tangu siku ile yeye ndiye ayalindaye na mbuzi. Nimemfundisha pia kwamba kiazi chake kina sumu. Atazame tu, asitie kinywani.

Enyi wenye nyumba, msione haya kuyaachia maua hatua tatu za ardhi. Maharagwe ya mwaka ule tulikwisha kuyala. Nyinyoro zarudi kila masika.