Kwa nini dawa ya minyoo inashindwa kuponya mbuzi wako

Kila mvua zinapokolea, swali ninaloulizwa zaidi vijijini ni hili: “Bwana mifugo, nimewanywesha dawa mbuzi wote, mbona bado wanakufa?” Wengi hudhani dawa ni feki. Wakati mwingine ni kweli. Lakini dawa inaweza kuwa nzima kabisa, na aliyebadilika akawa mnyoo.

Mnyoo ninayemzungumzia ni hemonkusi, anayekaa tumbo la nne la mbuzi na kondoo akinyonya damu. Mmoja hupoteza damu ya mbuzi kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Wakiwa 1,000, ni mililita 50 kila siku. Ndiyo maana mbuzi hupauka macho, huvimba chini ya taya na hufa hata bila kuhara.

Nilipomsoma mnyoo huyu, kilichonishangaza ni ukoo wake. Ana jamaa wanaoishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, wakila bakteria, wala hawamsumbui mnyama. Chakula kikiadimika, watoto wao huacha kula na kungoja hali njema. Mtoto wa hemonkusi naye hungoja hivyo hivyo, bila kula, kwenye majani yenye umande mpaka mbuzi ammeze. Wanasayansi wengi wanaona tabia hiyo ya kungoja ilikuwa hatua mojawapo ya kuingia kwenye unyonyaji.

Kubadilika huko hakujaisha. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na katika wingi huo mabadiliko madogo ya vinasaba hayakosekani. Dawa za kundi la albendazole hushika protini ya mnyoo iitwayo tubulini. Badiliko dogo sehemu moja tu ya jeni yake linatosha dawa isishike. Wenzake wakifa, mwenye badiliko hilo hubaki na kuzaa wanaofanana naye. Thiabendazole, dawa ya kwanza ya kundi hili, ilitoka 1961. Kufikia 1964 usugu wa hemonkusi ulikuwa umeripotiwa.

Kwa hiyo mimi simshauri mfugaji kunywesha kundi zima kila mwezi. Ninashauri haya:

1. Funua kope la chini. Likiwa jekundu, mwache. Likiwa jeupe, mtibu. Wasiotibiwa hubakiza malishoni minyoo ambayo dawa bado inaiweza, nayo hupandana na ile sugu na kuchelewesha usugu.

2. Pima uzito kabla ya dozi. Mbuzi humaliza dawa mwilini haraka kuliko kondoo, hivyo muulize daktari wa mifugo kipimo cha mbuzi.

3. Mbuzi wa mnadani mtenge, atibiwe na kinyesi chake kipimwe kabla hajachanganywa na wengine. Mnyoo sugu husafiri ndani ya mbuzi.

4. Peleka kinyesi maabara siku ya kutibu na tena baada ya siku 14. Mayai yasipopungua kwa angalau 95%, shuku usugu.

Na wewe mwenye duka: chupa yenye jina jingine si lazima iwe dawa nyingine. Soma kiambato. Mteja anayelalamika kuhusu albendazole, ukimpa albendazole ya kampuni nyingine, umemuuzia tatizo lile lile, na mbuzi wake hana damu ya kungojea.